Watoto wa Meduze katika Bokali ya Muzee Buhendwa

Ninyi munaosoma kitabu hiki, najua munasoma pole pole, kidole chini ya kila neno. Hata mimi nilianza hivyo, na nilikuwa na miaka thelathini. Someni tu, musione haya. Habari hii si ndefu. Tamu pia si tamu.

Mimi ninaitwa Micheline. Ninafundisha watu wazima kusoma hapa Goma, katika mutaa, kartie ya Mapendo. Mambo ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, katika parsele yetu wenyewe, kiwanja tulichokaa pamoja.

Parsele yetu ilikuwa na nyumba tatu za mbao, juu ya mawe meusi ya volkano. Nyumba ya kwanza nilikaa mimi, mujane. Ya pili walikaa Wenceslas na muke wake Kahambu, watu wa Butembo. Wenceslas alileta maharagi kutoka Rutshuru, Kahambu aliyauza sokoni. Walikuwa na mutoto mumoja wa kike, Katungu, wa miaka mine. Mbele ya Katungu kuzaliwa walizika wawili. Kwa hiyo Katungu akikohoa mara moja tu, mama yake anaacha sufuria na kukimbia.

Nyumba ya tatu ilikuwa chumba kimoja. Humo alikaa Muzee Buhendwa, peke yake.

Muzee huyu alitoka Uvira. Huko alifanya kazi miaka ishirini kwa watu wanaochunguza Ziwa Tanganyika. Hakuwa mukubwa wa kazi. Aliosha chupa, alipiga kasia, alihesabu vidudu vya maji. Vita vya 1998 vilimufukuza mpaka hapa Goma. Siku ile watu walibeba magodoro, wengine mbuzi, wengine mashini za kushona. Yeye alibeba bokali, chupa pana ya kioo, na ndani yake maji na jiwe. Fikiria! Mutu anakimbia risasi na jiwe mukononi.

Tulimuchekelea sana.

"Muzee, jiwe lako limeamka?"

"Bado linalala, mama. Na weye, umeamka?"

Kila siku alishuka ziwani hapa Goma na kachupa kadogo, akarudi, akamwaga maji kidogo ndani ya bokali. Tulisema uzee umemuchezea akili. Lakini alikuwa na heshima, na hakusumbua mutu.

Asubuhi moja ya Novemba 2012 nilimusikia akiita.

"Mama Micheline! Kuja! Kuja uone!"

Nilikwenda mikono ikiwa na sabuni. Katungu alinifuata. Muzee alikuwa ameweka bokali mahali penye mwangaza.

"Angalia juu ya jiwe. Unaona nini?"

"Uchafu, muzee."

"Uchafu! Kamata lupu."

Lupu ni kile kioo cha mukono kinachokuza vitu. Niliangalia. Juu ya jiwe niliona vitu vyeupe, vidogo kama ncha ya sindano, vimesimama. Havikuwa na macho wala miguu.

"Huyo anaitwa polipu," muzee alisema. "Njo meduze, yule munyama laini wa maji, lakini hajakuwa meduze bado. Anakaa ku jiwe, anakula vidudu vinavyomugusa. Anaweza kukaa hivyo miaka na miaka."

"Na anazaa?"

"Anazaa bila bwana."

"Heri yake!" nilisema, na muzee akacheka mpaka akakohoa.

"Ubavuni mwake kunaota kitu kama kajipu," aliendelea. "Mara nyingine kajipu kanaanguka, kanatambaa kidogo, kanakuwa polipu mwingine. Lakini wakati wake ukifika, kajipu kanakuwa mviringo, kanaota nyuzi nyembamba, kanaachana na mama yake na kuogelea. Huyo sasa njo meduze mutoto. Ona pale!"

Ndani ya maji vilielea vitu vine, vidogo kuliko punje ya dengu. Vilikuwa laini, na mwangaza ulipita ndani yao. Vilijifunga na kujifungua, vikajifunga na kujifungua, na kila mara vilipanda juu kidogo. Sikuwahi kuona kitu kizuri hivyo katika maji.

"Babu, ni vifuniko?" Katungu aliuliza.

"Ni watoto, mama."

"Mama yao iko wapi?"

"Mama yao njo ile doa ku jiwe."

Katungu alikunja uso. "Hawafanani."

"Hawafanani, unasema kweli. Wakikula vizuri, watakuwa wakubwa karibu kama kifuniko cha chupa ya soda. Kule Tanganyika nimeona hata meduze anayeotesha watoto wengine pembeni ya kinywa chake. Kisha kuna dume na jike. Yai lao linakuwa kadudu kenye manyoya madogo, kanaogelea, kanatafuta jiwe, kanakaa. Kanakuwa polipu tena. Meduze anakufa upesi, lakini polipu anabaki."

"Wanauma?" niliuliza.

"Ndugu zao wa bahari wanauma sana. Hawa wa maji matamu hawawezi kutoboa ngozi ya mutu. Hawana ubaya wowote, ukiwakunywa ni sawa na kumeza mate." Kisha akainua kidole. "Lakini maji yao usikunywe hata tone! Ni maji mabichi ya ziwa. Siwezi kuyatia klore, ile dawa ya maji, maana itawaua. Miye mwenyewe nakunywa yale ya bido, lile dumu pale, yenye dawa."

Akafuta macho kwa mukono wa shati.

"Miaka kumi na mine nimewangoja, Mama Micheline. Watu walisema nabeba jiwe."

Basi mimi nilijua. Shikeni neno hilo, wasomaji wangu. Nilijua kitu kile ni nini, na nilijua maji yale ni ya namna gani.

Siku chache baadaye vita viliingia mujini. Umeme ulikatika, pampu zikanyamaza, na bomba zikatoa hewa. Goma nzima ilishuka ziwani na bido.

Kwenye ufuo walisimama volonteri wa afya, watu wa kujitolea. Walikuwa na sindano isiyo na ncha. Kila bido waliitia klore kidogo. Sisi tulikunja pua.

"Inanuka," Kahambu alisema.

"Nani anajua wanatia nini?" Wenceslas alisema. "Ni wakati wa vita. Watu wanaweza kutumaliza bila risasi."

Tukapita upande wa mawe, ambako hakukuwa na volonteri. Tulichota, tukachuja maji kwa kitambaa cha kitenge.

"Ona yanavyoangaza!" Kahambu alisema. "Haya njo maji."

Muzee Buhendwa alitukuta njiani, akakasirika. Sijawahi kumuona na hasira vile.

"Munakimbia dawa? Kitambaa kinashika majani tu! Kolera inapita katika kitambaa kama mutu anavyopita mulangoni! Mududu wake hauonekani na macho!"

Lakini volonteri alipotaka kutia klore katika kachupa kake kadogo, muzee alikaficha nyuma ya mugongo. Wenceslas aliona.

"Mumeona?" alituambia. "Kama dawa ni nzuri, juu ya nini anaikataa ku kachupa kake?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilisema moyoni nitalitoa nyumbani, nikipumzika. Sikulitoa.

Alhamisi asubuhi Katungu alianza kuhara. Yalitoka maji matupu, meupe kama maji uliyooshea muchele. Kisha akatapika. Saa sita macho yake yalikuwa yameingia ndani. Alilia bila machozi. Kahambu alimufinya ngozi ya tumbo, na ngozi ikabaki imesimama.

"Si huyu tena, Mungu wangu," alisema. "Si huyu."

Wenceslas alisema neno moja: "Karuho."

Karuho ni sumu. Hapa Kivu watu wanaiogopa kuliko bunduki. Mutu akiugua gafula, hatuulizi alikunywa maji gani, tunauliza alikula kwa nani. Na mutu akikupa kinywaji, desturi yetu ni yeye aonje kwanza mbele yako. Asipoonja, hukunywi.

"Anashinda kwa huyu muzee," jirani mumoja alisema. "Kila siku mutoto iko kule."

Wenceslas aliingia chumbani kwa muzee bila kubisha hodi. Alitoka na bokali. Aliinua juu, kwenye jua, na wote wakaona vile vitu vine vikijifunga na kujifungua.

"Mayai ya sumu!" mutu alipiga kelele. "Yanatembea!"

Parsele ilijaa. Wengine sikuwajua hata sura. Walimutoa muzee nje, wakamusimamisha juu ya mawe.

"Wenceslas, mwanangu," muzee alisema, "mutoto iko na kolera. Kila saa anakauka. Mupeleke ku sentre, kule wanatibu kolera. Miye munitukane kesho."

"Onja kwanza!"

"Hawa ni wanyama wa maji. Hawana ubaya."

"Kama hawana ubaya, onja!"

"Nani anajua kitu hiki?" mutu aliuliza. "Kuna mutu alikiona mbele ya leo?"

Muzee aliangalia watu. Macho yake yalinifikia, yakasimama kidogo, yakapita. Hakunitaja. Angenitaja, wangenishika pamoja naye, na alijua hivyo. Mimi nilinyamaza. Ulimi wangu, huu unaofundisha watu, ulikauka.

"Leteni kopo," Wenceslas alisema.

Kopo lililetwa. Mutu mzima akivuliwa nguo huchutama, lakini mimi leo sitachutama. Kopo lilikuwa langu. Nililileta kwa mukono wangu, ili watu wasiseme niko upande wake.

Muzee hakumuangalia tena Wenceslas. Alimugeukia Kahambu.

"Mama Katungu. Nikikunywa, utamupeleka mutoto ku sentre ya kolera? Si kwa mutu wa kutapisha sumu. Ku sentre. Sasa hivi."

"Nitamupeleka."

"Apa."

"Naapa kwa Mungu aliyechukua wale wawili."

Muzee alijaza kopo. Watoto wa meduze waliteleza ndani pamoja na maji. Aliwaangalia kidogo. Kisha alikunywa, akamaliza, akageuza kopo chini wote waone.

Munafikiri watu waliona haya? Hapana!

"Mwenye sumu anajua dawa yake," walisema. Na Wenceslas alipiga bokali juu ya mawe ya volkano. Jiwe la Uvira lilibingirika, watu wakalikanyaga.

Lakini Kahambu alikuwa amekwisha kufunga mutoto mugongoni. Wenceslas alimuzuia mulangoni.

"Tunaenda kwa mutu wa karuho. Amutapishe hiyo sumu."

"Amutapishe nini? Mutoto amebaki na nini tumboni?" Kahambu alimusukuma kwa bega. "Nimeapa. Toka!"

Akakimbia na kandambili moja. Wenceslas alisimama kidogo, kisha akamufuata.

Yaliyotokea kule Kahambu alinieleza baadaye: sentre ilijaa watu mpaka chini ya maturubai. Munganga aliyewapokea aliitwa Uwingabire, mama mumoja mwenye sauti kali na mikono myepesi. Alimutia Katungu serumu, maji ya dawa, katika mushipa. Jioni mutoto alifungua macho akaomba maji. Kahambu alilia kwa nguvu mpaka wagonjwa wengine wakageuka.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Uwingabire alikaa karibu naye.

"Munakunywa maji gani?"

"Ya ziwa. Lakini tunayachuja, yanaangaza!"

"Mama, kuangaza si kuwa salama. Kolera inatoka ku choo cha mugonjwa, inaingia ku maji, na ku maji haionekani. Tieni klore, mungoje nusu saa. Kama hamuna klore, muchemshe mpaka maji yatokote sana. Mufunike bido. Munawe mikono na sabuni, au majivu, mukitoka chooni na mbele ya kula. Na mutu akianza kuhara, musingoje: maji safi litre moja, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu ya kijiko cha chumvi. Apewe kidogo kidogo, na muje naye hapa mbio."

"Na vile vitu vinavyoogelea, kama vifuniko vidogo?"

Kahambu alimueleza yote. Uwingabire alisikiliza. Kahambu alipofika kwenye kopo, munganga alisimama.

"Alikunywa maji ya ziwa, mabichi, kopo zima? Muzee wa miaka mingapi?"

"Sabini na kitu."

"Viumbe vile sivijui. Lakini maji yale nayajua. Mutu amuangalie huyo muzee, tangu leo."

Simu hazikushika. Barabarani risasi zilikuwa zinalia, na sentre ilifunga milango mpaka asubuhi. Kahambu alingoja, roho juu.

Na kweli, Ijumaa ile ile jioni muzee alianza kuhara. Nyumba zetu ni za mbao. Mutu akigeuka kitandani, jirani anasikia. Nilimusikia akienda chooni mara ya kwanza, na ya pili, na ya tano. Kisha hakuenda tena, alibaki ndani.

"Sumu imerudia mwenyewe," majirani walisema. "Musimuguse."

Aliita.

"Mama Micheline. Maji. Chumvi na sukari."

Sauti haikuwa kubwa, lakini nilisikia kila neno. Sukari ilikuwa juu ya meza yangu. Chumvi ilikuwa karibu yake. Niliogopa majirani, niliogopa ugonjwa, na niliogopa uso wake pia. Nilifunga dirisha, nikasali rozari. Wasomaji wangu, nilisali rozari, na mutu anakauka ukutani kwangu!

Jumamosi asubuhi Kahambu aliingia mbio, mutoto amemuachia Wenceslas ku sentre. Hakupita kwake, alikwenda moja kwa moja kwa muzee, akasukuma mulango. Kisha akatoka na kunikuta nimesimama.

"Weye ulikuwa hapa?"

Nilirudi nyuma hatua moja.

"Mama Micheline! Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa."

"Leta sukari. Leta chumvi. Mbio, mutu muchawi weye!"

Tulimulaza muzee juu ya chukudu ya jirani, ile ya mbao ya kubebea mizigo. Kahambu aliisukuma, mimi nilitembea pembeni na kijiko. Maji mengi yalimwagika kwenye shingo yake. Alikuwa mwepesi, na mikono yake ilikunjamana kama ya mutu aliyefua kutwa nzima.

"Mutoto?" aliuliza.

"Amekula uji, babu," Kahambu alisema.

Aliitikia kwa kichwa. Uwingabire alitafuta mushipa mukono wa kuume, akatafuta wa kushoto, hata kwenye mguu. Mishipa ilikuwa imelala. Saa nane Muzee Buhendwa alikata roho.

"Angefika jana jioni, angepona," Uwingabire alisema. Hakunilaumu, maana hakujua. "Kolera inapona, mama. Hicho njo kinaniuma. Mutu akipewa maji mapema, anapona."

Watu wa Mapendo walisema: "Si tuliwaambia? Sumu yake imemuua." Uwingabire alikuja mwenyewe parselini, akapanda juu ya jiwe, akawaeleza. Ugonjwa wa mutoto na ugonjwa wa muzee ni mumoja. Ulitoka ziwani. Mutoto aliukunywa kwenye maji yaliyochujwa kwa kitambaa, muzee aliukunywa kwenye kopo mulilomulazimisha. Wale wanyama wadogo hawakuua mutu. Watu waliangalia chini, kisha mumoja mumoja wakaondoka.

Tangu siku ile tunachota maji kwa volonteri, na tunangoja nusu saa. Wenceslas ndiye mukali kuliko wote. Akiona mutu anapita upande wa mawe na bido, anamurudisha. Hasemi juu ya nini. Kila bido yetu ina kifuniko, na chooni kuna sabuni. Kolera imerudi Mapendo mara nyingi, na haijaua mutu hata mumoja katika parsele yetu. Katungu sasa anasoma darasa la tatu. Hayo ni mazuri, na ninataka muyafanye hata ninyi.

Na mutu wa kwanza akiugua kwenu, musitafute mugeni. Tafuteni maji.

Mwezi wa tatu, binti ya muzee alifika kutoka Uvira. Alikuwa na uso wa baba yake. Aliuliza nani alikuwa karibu naye siku za mwisho. Kahambu alikuwa sokoni. Majirani walinionyesha mimi.

"Alikufa na nini, mama?"

"Kolera," nilisema.

"Aliteseka?"

"Tulimupeleka sentre."

Alinishika mikono miwili. Aliinama, kama mutu anavyoinamia mama yake.

"Aksanti, mama, kwa kumutunza baba yangu."

Nikapokea aksanti yake. Nilimusindikiza mpaka bandarini, akapanda mashua ya Bukavu, akanipungia mukono, nikapunga.

Binti ya Buhendwa, weye unajua kusoma. Kama kitabu hiki kitakufikia: baba yako aliita jina langu usiku kucha. Nilikuwa ndani, na nilikuwa macho.